Kiporo cha Mapendo, Jina Langu

Mkifungua ghala leo, wanangu, mkatafuta neno Kiporo, mtakuta jina langu. Liko juu kabisa, mahali pa mwandishi: Zuhura, pamoja na anwani ya barua pepe ambayo siku hizi naifungua mara chache kwa sababu ya macho. Mtakuta pia shukrani za watu wa nchi nisizowahi kufika. Msiniandikie hongera. Kiporo kiliandikwa na msusi wa mtaa wa Hillbrow anayeitwa Mapendo. Mimi nilikipeleka tu.

Nimeombwa niwaeleze kazi ya kuchangia maktaba za msimbo kwenye ghala la pamoja la tovuti, na nitawaeleza, maana niliipenda kuliko ile iliyonilisha. Lakini kila nikianza kuieleza hujikuta nimefika kwenye lile jina. Basi nimeona nilitangulize, ili mjue tunakokwenda.

Kwanza tuelewane maneno. Maktaba hapa si nyumba ya vitabu. Ni kipande cha msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, alichokiandika mtu mmoja ili wengine wasihangaike kukiandika upya. Ukitaka kupika ugali huanzi kwa kupanda mahindi; unashuka spaza, kiduka cha hapo chini, unanunua unga. Vivyo hivyo, ukitaka tovuti yako ioneshe kalenda, au ikuze picha mtu anapoigusa, unachukua maktaba ya mtu aliyekwisha kuumwa kichwa kwa niaba yako. Na chanzo huria maana yake ni kwamba yule mtu amesema: chukueni, tazameni nilivyofanya, rekebisheni mpendavyo, ila jina langu msiliondoe. Someni leseni nyingi za namna hii, mtaona ni fupi, na sharti lenyewe ni hilo moja tu. Nimewasomesha vijana wengi leseni hizo. Nilikuwa nalipita lile sharti haraka, kama mtu anayepita salamu ili afike kwenye mazungumzo.

Ghala ndipo maktaba hizo zinapowekwa na kugawiwa bure kwa tovuti za dunia nzima. Seva zake zimetawanywa katika miji mingi, na mojawapo iko hapa hapa Johannesburg. Mtu wa Newtown akifungua ukurasa, ile maktaba haivuki bahari kumfuata, inatoka kwa jirani. Kwa anayenunua data kidogo kidogo, hiyo si anasa. Wanaolitunza ghala ni watu wa kujitolea, kila mmoja kwao, na wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Mimi nilikuwa fundi wa tovuti katika ofisi moja ya Marshalltown, ghorofa ya juu, chini yetu barabara ya wauza soksi na chaja za simu. Nilitoka Morogoro kwa kibali cha kazi, baadaye nikapata cha ukaazi wa kudumu. Hilo nalo mlishike, litarudi.

Aliyenifundisha ghala ni Sello, mwenzangu wa meza ya pili, mwenyeji wa Soweto, mdogo kwangu kwa umri na mkubwa kwangu kwa kazi. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: mashine ikikuletea ujumbe wa kosa, usome mpaka mwisho kabla hujagusa chochote. Mimi nilikuwa mtu wa kusoma mstari wa kwanza na kukimbilia kurekebisha. Sello alikuwa akiweka kikombe chake cha chai juu ya kibodi yangu.

"Soma, Mama Zu."

"Nimesoma."

"Soma kwa sauti."

Nikisoma kwa sauti, mara nyingi jibu lilikuwa limekaa kwenye mstari wa mwisho likinisubiri.

Somo la pili nililipata kwa aibu. Siku hizo tuliweka kila kitu kwa mikono. Unatengeneza folda yenye jina la maktaba, ndani yake folda ya kila toleo, ndani ya toleo mafaili yanayohitajika na si zaidi. Kisha unaandika maelezo mafupi: jina, kazi yake, leseni, mwandishi. Halafu unapeleka ombi, na watunzaji wanalikagua mbele ya watu wote. Maktaba yangu ya kwanza ilikuwa kitu kidogo cha kupanga majedwali. Nilibeba folda nzima kutoka kwenye kompyuta yangu bila kuangalia ndani. Humo ndani mlikuwa na barua niliyomwandikia mkuu wa ofisi, kuomba ruhusa ya kwenda kumzika shangazi yangu.

Asubuhi yake nilikuta salamu za rambirambi kutoka kwa mtu wa Brazili. Sello alikuwa amezisoma kabla yangu.

"Eish, pole sana kwa shangazi."

"Shangazi hajafa," nikamwambia. "Alikuwa mahututi, nikaandika barua mapema nisije nikachelewa. Akapona."

"Yeye anajua kwamba umeshamzika?"

Aliangua kicheko mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza kuna nini. Nililiondoa lile faili haraka, nikadhani yamekwisha. Ndipo akanifungulia historia ya ghala na kunionesha. Ukiondoa faili, wanangu, historia haisahau. Inaandika kwamba lilikuwapo, limeondolewa, na aliyeliondoa ni huyu hapa. Tena toleo likishaingia ghalani haliguswi, hata likiwa na kosa la wazi. Mnaweza kuuliza kwa nini. Kwa sababu kuna mtu mahali fulani, humjui naye hakujui, tovuti yake imeegemea toleo lile kama lilivyo, herufi kwa herufi. Ukiligusa, ukurasa wake unaanguka, na hatajua nani kauangusha. Ukitaka kurekebisha, toa toleo jipya. La zamani liache lilivyo.

Shangazi yangu aliishi miaka mingi baada ya hapo, akala sikukuu nyingi. Barua ya mazishi yake bado imo kwenye historia, na nilipomsimulia kwa simu alinijibu, "Basi angalau umeniandika vizuri?" Nilikuwa nikiwachekesha vijana kwa kisa hicho kila nilipofundisha kanuni ya kutogusa. Siku hizi nikifika kwenye kanuni yenyewe, kicheko hukatika.

Mapendo nilimfahamu kama msusi kabla sijamfahamu kama mwandishi wa msimbo. Alizaliwa Uvira, Kongo, akakulia kambi ya wakimbizi Kigoma, akafika Hillbrow akiwa mtu mzima. Kiti chake kilikuwa chini ya ghorofa refu, mlangoni, ambako mwanga ni mzuri na kila anayepita anakusalimia. Kati ya mteja na mteja alipakata laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka. Nilidhani anatazama filamu.

Siku moja ananisuka, na kwenye benchi pembeni yetu ameketi mama wa Kirundi akijaza simuni majibu ya kuombea upya kibali chake. Mapendo alikuwa amewatengenezea majirani ukurasa mdogo wa mazoezi: maswali yote ya fomu kwa Kiswahili, mtu anajaza polepole, anatuliza akili, kisha ndipo anayahamishia kwenye fomu yenyewe. Mara umeme ukakatika. Ilikuwa zamu yetu ya mgao. Robot za njia panda, yaani taa za magari, zikazima, magari yakaanza kupigiana honi, na mnara wa simu nao ukanyamaza, ukurasa wa yule mama ukabaki mweupe. Yule mama akapiga ukelele.

"Yote imeenda! Nilikuwa mwishoni! Imana yanje, Mungu wangu, nilikuwa mwishoni!"

Mapendo hakuachia hata nywele moja ya kichwa changu. "Funga simu, mama. Washa. Fungua tena ile page, iko ndani ya simu."

Yule mama akafanya hivyo, huku akivuta kamasi. Majibu yake yote yalikuwapo, hadi neno aliloliacha nusu.

Nikageuza shingo, nikavutwa nywele. "Nani amekufanyia hicho kitu?"

"Nani?" Mapendo akaniwekea vidole mbele ya macho, vimejaa mafuta. "Hawa kumi."

"Kinaitwaje?"

"Kiporo." Akacheka. "Chakula imelala, asubuhi unapasha, unakula. Kule kambini ndiyo ilitukuza. Watu wanasema kiporo ni ya maskini, lakini mwenye kiporo hashindi njaa."

Nilimwomba anioneshe msimbo. Niwaelezeni, maana uzuri wake uko kwenye udogo wake. Mtu akiandika herufi, Kiporo kinaihifadhi papo hapo kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe, bila kuhitaji mtandao. Mtandao ukirudi, kinatuma. Kikishahakikisha kwamba yamefika, kinafuta nakala ya simuni. Nilimuuliza kwa nini kifute, maana maktaba nyingine za aina hiyo nilizozijua wakati ule ziliacha nakala. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango.

"Mama Zuhura, kwetu simu moja ni ya nyumba nzima. Majibu ya kibali yako nisome mimi?"

Nikamwambia hapo hapo: hiki kinakwenda ghalani. Alikubali kwa furaha. Akaniuliza kama mtu wa Bujumbura ataweza kukitumia, nikasema hata wa Bolivia. Akaniuliza kama kitagharimu, nikasema hapana. Nikaanza kumweleza maelezo yanayotakiwa, na nilipofika mahali pa mwandishi, mikono yake ikasimama kichwani mwangu.

"Jina langu? Kwa internet? Hapana, mama. Weka ya kwako. Wewe uko na karatasi."

Wanangu, kama hamjaishi mtaa ule mtaona ni ajabu. Kwetu halikuwa jambo la ajabu hata kidogo. Chumba alichopanga Mapendo kilikuwa kwa jina la fundi cherehani aliyekuwa na kitambulisho. Laini yake ya simu ilikuwa kwa jina la mchungaji. Mita ya umeme ilikuwa kwa jina la mtu aliyehama zamani. Kila palipotakiwa jina, tulitafuta mwenye karatasi, naye alilitoa jina lake kama mtu anavyomwazima jirani sufuria. Kukataa kulikuwa ni roho mbaya. Nilimwazima langu, na nilitembea kurudi nyumbani nikijiona nimefanya wema. Ulikuwa wema. Ndiyo shida yake.

Ombi letu lilikaguliwa na mtunzaji aliyejulikana ghalani kwa jina la mzaha, na badala ya sura yake aliweka picha ya bundi. Mimi nilimwita Bundi tu. Nilipomtajia Mapendo, alitema mate pembeni.

"Unaandikiana na bundi, mama? Mchana?"

"Ni picha."

"Anayechagua picha kama hiyo anakutafutia nini?"

Lakini Bundi alikuwa mkaguzi mwema, mkali kwa msimbo na mpole kwa mtu. Aliuliza maswali mengi. Kwa nini unahifadhi hapa na si pale? Simu ikijaa itakuwaje? Mtu akifungua kurasa mbili kwa wakati mmoja? Mimi majibu sikuwa nayo. Nilitoka ofisini nikipanda Hillbrow na maswali, nikishuka Marshalltown na majibu, na mara nyingi nilimkuta Mapendo katikati ya kichwa cha mtu.

"Bundi anauliza kuhusu kurasa mbili."

"Mwambie ya mwisho ndiyo inashinda, lakini ya kwanza haifutwi mpaka mtu amechagua. Bibi, inamisha kichwa."

"Mnasema kuhusu nywele zangu?" akauliza mteja, msichana wa Durban.

"Nywele zako ziko sharp. Tunasema kuhusu bundi."

Msichana akashika kichwa kwa mikono miwili.

Nikirudi mezani nilikaa na kuyageuza maneno ya Mapendo kuwa Kiingereza safi. Ninacho hicho kipaji, cha kueleza. Niliyapanga, nikaongeza mfano pale palipohitaji mfano. Sikuandika hata mara moja "Mapendo anasema." Ningewezaje, na jina lake hatukulitaja? Bundi alisifu ufafanuzi wangu. Kiporo kikapokelewa.

Kilienea polepole, kisha kwa kasi. Shule moja ya Peru, zahanati za vijiji vya India, watu wa kisiwa chenye mtandao wa kubahatisha, wote walikuwa na umeme kama wetu na simu kama zetu. Waliandika kushukuru: Dear Zuhura. Nilimsomea Mapendo zote, na alizipenda.

"Umekuwa nyota, mama. Kesho utatukataa."

Mbinu za ghala nazo zikabadilika. Hatukuhitaji tena kutengeneza folda kwa mikono. Mashine ilikuwa ikichungulia mahali mwandishi anapotolea matoleo yake, na ikiona jipya inalichukua yenyewe pamoja na maelezo yake. Nyie mmeikuta hivyo, na ni rahisi mno. Ila mashine haiulizi. Mapendo alirekebisha Kiporo, mimi nikatoa toleo kutoka kwenye akaunti yangu, mashine ikanakili: Zuhura. Akarekebisha tena, ikanakili tena. Sisi hatukuandika lile jina tena hata siku moja. Lilijiandika.

Kisha likaja lile tangazo. Shirika moja la nje lilikuwa likitoa nafasi kwa waandishi wa maktaba zinazotumiwa sana: mwaka mzima wa kulipwa kutunza maktaba yako na kuiendeleza, ukiwa hapo hapo ulipo, na kukutana nao kwa video kila wiki. Hawakutaka shahada. Walitaka kazi inayoonekana. Hatukuomba. Walituandikia wao. Yaani, waliniandikia mimi.

Nilimpelekea Mapendo barua hiyo siku hiyo hiyo. Aliisoma akiwa amesimama, akairudia akiwa ameketi. Nilikuwa nimeshauliza kama kibali cha muda cha mkimbizi, kama chake, kinatosha kulipwa, wakasema kinatosha. Mapendo alivua aproni, akaikunja vizuri juu ya kiti, kama mtu anayejaribu kuona kiti kinakaaje bila yeye.

Nikalijibu lile shirika ukweli wote. Niliandika kwamba mwandishi ni Mapendo, mimi ni mpelekaji, na jina langu liliwekwa kwa sababu hizi na hizi. Walijibu kwa adabu. Hawakusema naongopa. Walisema wanaodai kazi za wengine ni wengi, na wao wana kitu kimoja tu cha kutegemea, nacho ni kumbukumbu ya kazi yenyewe. Je, kuna mahali popote, hata mstari mmoja, penye jina lake?

Nilipekua historia yote ya Kiporo toleo kwa toleo. Zuhura. Zuhura. Zuhura. Rasimu za kwanza zilikuwa kwenye laptopu yake, na laptopu ile iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo baada ya mgao. Nikayarudia mazungumzo na Bundi, nikitumaini penye majibu yale patakuwa na alama yake. Yalisomeka kama yametoka kichwani mwangu. Niliyapanga vizuri kupita kiasi.

Nilipomrudishia habari, Mapendo alikuwa na suluhisho tayari.

"Basi ingia wewe. Unaonesha sura kwa video, mimi nafanya kazi nyuma. Wakilipa unanipa. Ni kama chumba tu, mama."

"Wataniuliza maswali kila wiki."

"Utanipigia simu."

"Na baada ya mwaka? Yote utakayoandika mwaka mzima yatakuwa Zuhura tena."

"Yatakuwa chakula," akasema. Hakusema kwa hasira.

Nilifikiri siku kadhaa. Nikakataa. Nilimwambia siwezi kulaza jina langu juu yake mara ya pili, na kwamba nafasi nyingine itakuja, tutakuwa tumejiandaa. Aliitikia "Sawa," akavaa aproni. Hakununua laptopu nyingine. Nyingine nilimpa mimi, akashukuru, na mwanawe akaifanyia kazi za shule.

Kama nilifanya vema, sijui mpaka leo. Mwaka ule angekula. Nilichagua jina badala ya chakula, na chakula hakikuwa changu.

Nilimwandikia Bundi nikamweleza kila kitu, na kumwomba ayabadilishe majina kwenye matoleo ya zamani. Nilijua jibu kabla sijauliza. Nimelifundisha kwa vijana miaka mingi. Alijibu kwamba hayaguswi, na kwamba anasikitika kwa dhati. Kisha akaongeza swali, ambalo nadhani aliliuliza bila ubaya wowote: "Lakini kwa nini hakuchagua jina lolote tu? Unadhani mimi naitwa hivi?"

Nililisoma swali hilo kwa sauti, soksi zikitangazwa kwa kipaza sauti chini ya dirisha. Nilikuwa nimeandikiana naye miaka yote hiyo. Sikujua jina lake, wala nchi yake, wala kama ni mwanamume au mwanamke. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Nusu ya watunzaji walikuwa hivyo, ndege, paka, namba. Kila siku nilikuwa nayaona majina hayo ya mzaha na kuyacheka. Ghala lilitaka jina la kumwitia mtu na barua pepe ya kumpata. Basi. Tungeandika Msusi, au Vidole Kumi, na leo Msusi angeweza kujitokeza na ufunguo wa ile anwani akasema, ni mimi. Katika mji mzima wa Johannesburg, ule ulikuwa mlango mmoja ambao haukutuomba karatasi, nasi tukaupita kwa karatasi zangu.

Basi nyie mnaoanza, hili ndilo la kushika mkononi. Kwenye historia ya msimbo kuna nafasi mbili, ya aliyeandika na ya aliyeweka. Ni mbili kwa makusudi, kwa ajili ya watu kama Mapendo na mimi. Zijazeni zote mbili, tangu mstari wa kwanza, hata kama ni kitu kidogo mnachoona aibu kukitia sahihi. Mkiogopa jina lenu, chagueni lingine, lakini liwe lenu, na anwani yake mwifungue wenyewe. Na mkibeba jibu la mwenzenu, bebeni na jina lake, hata kama sentensi itakuwa ndefu. Mkifanya hivyo mtakuwa mmenipita, nami nitafurahi, kwa kweli.

Kabla sijastaafu nilitoa toleo moja la mwisho la Kiporo. Msimbo sikuubadilisha. Nilibadilisha mahali pa mwandishi, kwa ruhusa yake, maana siku hizo alikuwa ameshapata karatasi zake za kudumu na hofu imepungua. Mashine ikachungulia, ikachukua, haikuuliza. Nikapanda Hillbrow na simu mkononi kumwonesha. Alikuwa katikati ya kichwa cha mtu, kama kawaida, na mikono imejaa mafuta, kwa hiyo nilimshikia simu mbele ya macho.

Alisoma. Midomo yake ilitembea kidogo.

"Limeandikwa vizuri," akasema. Kisha akauliza, "Na zile za nyuma?"

"Zile haziguswi."

"Ndiyo. Ulishanifundisha." Akamgusa mteja begani. "Bibi, inamisha kichwa."